Orpha Maness Aita Nguruwe

Orpha Maness alizaliwa na sauti isiyoomba ruhusa ya mtu. Kanisani mchungaji alimhamishia benchi la nyuma kabisa, na bado watu wa mbele waligeuka. Lakini alipoita nguruwe, bonde zima la Mto Deep, huko North Carolina, lilimsikia, na sauti hiyo ndiyo iliyomnasa Tilman, mkulima mpole wa mahindi, akamuoa.

Vita vya Kusini na Kaskazini mwa Marekani vilipozuka, Tilman akasombwa katika jeshi la Kusini. Sheria ilimruhusu mwenye watumwa ishirini kubaki nyumbani. Tilman hakuwa na mtumwa wala hakumtaka. Jirani yao Lassiter alikuwa nao wa kutosha, basi akabaki, akawa kapteni wa mgambo waliosaka watoro wa jeshi, akavipenda vita kwa moyo wote akiwa barazani kwake.

Mwaka 1864 Tilman alichoka kuwapigania akina Lassiter. Akatoroka, akajichimbia pango ukingoni mwa mto pamoja na watoro wenzake. Mtoro akikamatwa ni risasi, kwa hiyo wanawake wa bonde walielewana: mgambo wakitokeza, atakayewaona kwanza aite nguruwe, wanaume wahame.

Asubuhi moja Lassiter akaingia uani na watu wake. Orpha akatupa ufagio, akaita kama siku zote.

Lassiter akatabasamu. "Mama Maness, unaita nguruwe gani? Wa mwisho si tulimchukua juzi, chakula cha jeshi?"

Kweli tupu. Mazoea yalikuwa yamemponza.

"Najua," Orpha akasema. "Yumo tumboni mwako. Nataka kuona kama bado anaitika."

Mgambo mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Mumeo yuko wapi?"

"Vitani Virginia, anakupigania. Kwani hukumwona huko?"

Wakainua pembe ya ua wa magogo, wakambana vidole gumba chini yake. Ndivyo walivyowahoji wake za watoro.

"Sema aliko, la sivyo unyamaze," Lassiter akafoka.

"Chagua moja, Kapteni."

"Ukiita tena, naukalia huu ua."

Akaita. Lassiter akaukalia. Akaita zaidi, machozi yakimtiririka, mpaka farasi wa mgambo wakarudi nyuma.

Ng'ambo ya mto Delphina Cox akaitikia, naye hakuwa na nguruwe tangu Krismasi. Kisha mjane Moffitt. Kisha shamba baada ya shamba, mazizi matupu yote, yakaita nguruwe kwa nguvu zote.

"Waambie wanyamaze," Lassiter akasema.

"Waambie wewe. Kapteni ni nani hapa?"

Mgambo wakapekua ukingo wa mto; pangoni walikuta sufuria ya uji wa mahindi ikitoa mvuke, na mtu hakuna. Wakaula uji; kazi hiyo waliiweza. Kucha za Orpha hazikuota sawasawa tena. Na hadi vita vilipoisha, kila Lassiter alipopita barabarani, kulikuwa na mama aliyekumbuka kwamba nguruwe wake hawajala.