Hita ya Gari la Baba

Nikinusa maji ya moto ya rejeta, namkumbuka shangazi siku ya harusi yake. Hita ya gari kuukuu la baba iligoma kuzimika, na tulipofika Mwenge wanja ulikuwa unamtiririka hadi kidevuni.

"Kaka, nishushe, nitatembea!"

Baba akasimama, akanunua koki dukani, akavua koti la suti, akakata mpira unaopeleka maji ya moto kwenye hita, akaifunga hapo. Joto likakoma, ila uso ulikuwa umeshaharibika.

Mlangoni mwa kanisa, mama mkwe wa shangazi alimtazama kwa huruma.

"Huyu binti kalelewa. Oneni anavyolia kuacha kwao!"

"Usicheke," baba alimnong'oneza shangazi. Shangazi akajifunika uso, mabega yakamtikisika, na akina mama wote wakaanza kulia.