Mama alijibu "bwega" mpaka alipoulizwa kwa ndizi

Wakuu, muga!

Hiyo ni salamu ya kwetu Meru, na naanza nayo kwa sababu kisa chote kilianzia kwenye salamu. Chumvi sitaongeza. Wanaonijua humu wanajua nikidanganya huwa nacheka kabla sijamaliza, na hii nimeiandika bila kucheka.

Mimi nafanya kazi Embu town, kwenye duka la hardware. Nyumbani ni Meru, juu kidogo ya mji, upande wa migomba. Mama yangu aliuza ndizi soko la Gakoromone tangu kabla sijazaliwa. Kama umewahi kununua ndizi pale kwa mama mmoja mwenye kofia ya sufu ya kijani, akakataa kabisa kushusha bei, halafu akakuongezea mbili za bure, basi ulikutana na mama yangu.

Akapata saratani ya titi. Akatibiwa, tukamshukuru Mungu, kisha ikarudi ikaingia mgongoni. Daktari akatuita mimi na dada yangu Karimi, akatuambia kwa upole kwamba dawa za kuitoa zimefika mwisho.

Mama hakulia. Aliuliza swali moja tu:

"Sasa Gakoromone nitarudi lini?"

Alitaka kukaa tena pale kwa gunia lake na wenzake, hata kama ni siku moja. Shida ni kwamba kukaa kwenyewe kulimshinda. Alikuwa analala ubavu, uso kwa ukuta, na hata kugeuzwa hataki.

Sasa wakuu, hapa mnielewe vizuri.

Kwetu mtu mzima akiulizwa yuko aje, anajibu "bwega", yaani niko salama. Ng'ombe amekufa, bwega. Upepo umelaza migomba yote, bwega. Matatizo yanasubiri mgeni akae, anywe chai, ndiyo yaanze kutolewa moja moja. Ukianza na shida mlangoni unaonekana hukufunzwa.

Lakini hospitalini nani ana muda wa chai?

Kila kliniki ilikuwa hivi. "Mama, uko aje?" "Bwega." "Kuna uchungu mahali?" "Kidogo tu, mwanangu." Anaandikiwa panadol, foleni inasonga. Sina ubaya na wale madaktari. Waliuliza na wakajibiwa.

Mimi pia nikipiga simu kutoka Embu najibiwa bwega. Halafu Karimi anachukua simu, anatoka nje, ananiambia Mama ameshinda akiuma shuka ili majirani wasimsikie.

Ndipo akaja Sista Nkatha.

Huyu ni nesi wa zahanati yetu, na wakati huo alikuwa ametoka training ya palliative care. Kwa wasioijua, ni ile huduma ya kumtunza mtu ambaye ugonjwa wake hauponi, ili siku zake zilizobaki zisiliwe na maumivu. Alikuja na boda Jumamosi moja nikiwa nyumbani. Akasalimia, Mama akajibu bwega kama kawaida.

Sista hakuandika chochote. Alikubali chai. Akanywa yote, akasifu maziwa, akauliza habari za migomba. Kisha akavuta kigoda karibu na kitanda.

"Mama Karimi, tuseme huo uchungu ni ndizi. Ni ndizi moja, ni chane, ama ni mkungu?"

Wakuu, mama yangu angeweza kukudanganya juu ya mwili wake mwenyewe, lakini juu ya ndizi hakuwahi kumdanganya mtu.

"Ni mkungu," akasema. Halafu akaongeza, "Na si ule wa kubebwa na mtu mmoja."

Karimi alikimbilia jikoni. Mimi nilibaki pale nimeshika kikombe. Miezi yote hiyo alikuwa amebeba mkungu huo huku akituambia bwega.

Sista akasema atahitaji morphine, dawa ya maumivu makali. Mjomba Murithi, kaka yake Mama, akasimama.

"Hiyo ni ya kumalizia watu! Jirani yetu alipewa, hata wiki hakumaliza."

"Mzee, jirani aliletewa kama ameshachelewa," Sista akamwambia. "Kilichomuua ni ugonjwa. Huyu tutaanza na kidogo, namwangalia, tunaongeza polepole. Tunataka aamke, si alale."

Mjomba akafungua mdomo tena, lakini Mama alimwahi kutoka pale kitandani.

"Murithi, wewe ukiumwa na jino kijiji kizima hakilali. Kaa chini. Nileteeni dawa."

Mjomba akakaa.

Zahanatini dawa haikuwepo. Sista aliongea na daktari wa hospitali kubwa ndiyo ikaandikwa, Karimi akaifuata. Ni dawa ya maji, chungu ajabu. Inafunga tumbo pia, kwa hivyo Sista alimpa dawa ya kulainisha na akamwambia ale papai. Mama alilalamika kuhusu papai kuliko alivyowahi kulalamika kuhusu saratani.

Tangu hapo simu zetu zilibadilika. Saa ya lunch nakaa juu ya mabati nampigia:

"Mama, leo ndizi ngapi?"

"Chane mbili." Siku nyingine, "Chane moja, na ni ndogo." Nyingine, "Tatu tu, na zimeiva." Wateja wa Embu walidhani nina biashara ya ndizi pembeni.

Kisha asubuhi moja akampigia Sista mwenyewe, akauliza kama anaruhusiwa kwenda sokoni.

Tulimpeleka na gari la mwalimu jirani, mito kila upande, chupa ya dawa kwa mkoba wa Karimi. Wenzake walipomwona waliacha biashara, wakaja wakipiga vigelegele. "Muga! Muga, Mama Karimi!"

"Bwega!" akajibu, na kofia yake ya kijani kichwani.

Hiyo ndiyo bwega ya kwanza niliyoiamini tangu augue. Alikaa kwa gunia lake. Akauza. Mteja mmoja akaomba apunguziwe, akamkatalia, halafu akamwongezea mbili. Nilisimama nyuma ya marobota ya kabichi nikalia kama mtoto, na sioni aibu kusema.

Sokoni hakurudi tena, mwili ulikuwa umechoka. Mara ya mwisho kuongea naye kwa simu nilimuuliza ndizi ngapi.

"Nimeuza zote," akasema. "Nenda ukale."

Alifariki asubuhi Karimi akimsuka nywele. Karimi anasema alidhani amesinzia tu.

Nimemmiss, wakuu. Saa ya lunch mkono bado unaenda kwa simu wenyewe. Kuna siku natamani anijibu hata ile bwega ya uongo, bora tu niisikie.

Nilichojifunza ni kwamba mgonjwa wako akisema yuko sawa, usiondoke. Kunywa chai. Muulize kwa kitu alichokishika maisha yake yote. Lakini nimejifunza pia kwamba swali peke yake halitoshi.

Kazini niko na rafiki anaitwa Nyaga, kwao ni kule chini Mbeere, kwa mbuzi na jua. Baba yake ana saratani, na kila wiki anasema yuko sawa. Nikamwambia Nyaga amuulize kwa mbuzi. Jumatatu akarudi kazini macho mekundu.

"Nimemuuliza. Amesema ni zizi zima, na mbuzi wa jirani wameingia ndani."

Nesi wa kule ni mtu mzuri, anajitahidi, ila hii training haijamfikia, na morphine hana ruhusa wala chupa. Kwa hivyo sasa Nyaga anajua, na kujua kwenyewe kunamtesa. Sista Nkatha ni mmoja na vijiji vyake vimemjaa. Natamani sana angekuwa wengi.

Basi karibuni mchangie. Wenye wagonjwa semeni, manesi na madaktari mlioko humu nirekebisheni nilipokosea. Na kama kuna mkuu anamjua yeyote mwenye mafunzo haya anayeweza kufika Mbeere, aandike hapa chini, Nyaga anasoma kila jibu.

Mzee wake bado hajauza hata mbuzi mmoja.