Ua la Shaba kwenye Shuka la Arusi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau: siku sanduku la dada yangu Mwape lilipofunguliwa mbele ya mama mkwe wake, hapa Lubumbashi, enzi za Zaire. Zamani zile bibi arusi hakwenda kwa mumewe mikono mitupu. Alipeleka mashuka aliyoyatarizi mwenyewe, na kina mama wa upande wa mume waliyakunjua wakaipima kazi yake.

Mwape alijifunza kutarizi kwa jirani yetu, Mama Ngalula, mwanamke wa Kasai na fundi wa kweli. Wanawake wengine wa kambi ya migodi walinakili mawaridi ya karatasini, maua ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyanusa. Mama Ngalula aliwacheka. Yeye alimwambia dada yangu aokote jani, alilaze mezani, alitazame mpaka alichoke. Kwa mkono alimfundisha kulijaza jani uzi ukifuata mishipa yake, kijani kilichoiva pembeni, kijani kichanga katikati. Kwa mashini ya kushonea alimfundisha jambo lililonitia hofu: unang'oa kile chuma kinachokandamiza kitambaa, unashusha meno yanayokivuta, kisha unasogeza mwenyewe lile duara la mbao linalobana kitambaa chini ya sindano huku miguu inakanyaga. Ukizubaa, sindano inakula kidole. Mimi nilijaribu, nikaacha. Sikuzaliwa na mikono ile.

Kwenye foronya Mwape alitarizi majani ya msituni yanavyochipua mekundu kabla ya mvua. Kwa shuka kubwa alitaka kitu ambacho hakuna mwenzake aliyekuwa nacho. Akakipata nyuma ya mtaa wa Kasungami, kwenye kilima kipara: kiua cha buluu, peke yake juu ya udongo mtupu.

"Angaria hii," aliniambia. "Bengine yote banakufa, ye iko nasimama." Mimea mingine yote ilikufa pale, hilo tu lilisimama.

Akalipenda ua lile kama mtu anayependa jina lake. Mama Ngalula, mgeni wa udongo huu, alilisifu. Na sisi watoto wa kambi, tuliokulia kati ya nyumba za matofali, tungejua nini? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi siku ikafika. Mama mkwe, Mama Kunda, alikuwa ametoka kijijini, upande wa Sakania. Foronya alizishika akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipokunjua shuka, akaweka kidole juu ya ua.

"Nani alitia hii ua?"

"Ni miye, mama," alijibu Mwape, akitabasamu bado.

"Hii ni ua ya mukuba. Bankambo betu balikuwa naifwata juu ya kutafuta mukuba. Fasi inaota, muhogo haimee, mahindi haimee. Na weye unaileta ku kitanda ya mutoto yangu?"

Mukuba ni shaba, mwanangu, na mababu waliitafuta kwa kulifuata ua lile. Udongo ulioshiba shaba haulishi mtu. Mama Kunda alilikunja shuka, akalirudisha sandukuni, na arusi ikaendelea kwa nyimbo za kulazimisha.

Miaka ikapita, mtoto hakuja. Mwanzoni wakwe walinong'ona, baadaye wakasema waziwazi: ni lile ua. Ulimi hauna mfupa. Siku moja ya mvua Mwape alirudi nyumbani kwa baba, ameachwa, na mashini yake juu ya mkokoteni, imefunikwa vizuri kuliko yeye. Nilikasirika siku ile, na hasira hiyo haijaniisha. Mama Kunda alisema kweli juu ya ua. Juu ya dada yangu hakusema kweli.

Mama Ngalula alikuja akaketi karibu naye. Akasema, "Nilikufundisha kuangaria, mwanangu. Sikukufundisha kuuliza." Akalia, mwanamke yule ambaye sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Baadaye tukapata habari: yule mume alioa mwingine, na huyo naye hakuzaa. Mimi nilipiga makofi, nikiri wazi, nikacheka. Mwape aliinua miguu kutoka kwenye mashini.

"Masikini ule bibi," alisema. "Sasa batamusemea nini?"

Akachukua kitambaa cheupe, akakipinda kingo tu, bila jani, bila ua. Nikamuuliza ni cha nani.

"Ni shuka, nitamutumia. Iko mweupe yote. Basipate kintu ya kusoma."

Akalituma kweli. Dada yangu amekwisha kulala udongoni, hana mtoto aliyebeba jina lake, na hadi leo hakuna mtu wa ule upande aliyekuja kusema pole.

Kwa hiyo sikia, wewe unayejifunza kutarizi leo. Tazama jani, tazama ndege, tazama hata ukungu wa asubuhi. Uzi unaweza kuyabeba yote. Lakini kabla hujachoma sindano, waulize wenye udongo: hiki kinaota wapi, na kwenu kinasema nini? Kuuliza si ujinga. Na siku utakapoketi wewe kukunjua shuka la mke wa mwanao, pima mishono, usimpime tumbo.

Mungu akupe macho yasiyochoka na mikono yenye subira. Akupe wakwe wenye midomo mizito. Na ukikosa mtoto, asikukoseshe mtu wa kukuita mama.