Popote, Baba

Harufu ya pweza mkavu hunipandisha hasira mpaka leo. Nikipita sokoni Darajani nikaisikia, huzuia pumzi nikaongeza mwendo, na wanangu hunicheka. Nyinyi msinicheke, kaeni nikuelezeni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nina miaka tisa. Skuli zilikuwa zimefungwa, na Baba, aliyekuwa karani bandarini, alipata likizo ya siku kumi. Likizo zetu tulizoea kuzimalizia hapo hapo nyumbani Mkunazini, tukisikiliza kengele za baiskeli dirishani. Mwaka huo Baba akasema tutatoka. Mie nilishajua wapi: Bububu, kwa bibi mzaa mama, kwenye shokishoki zilizoanza kuwiva na kijito cha maji baridi cha kuogea. Nilikuwa nimeshawaringia watoto wa mtaa mzima.

Ijumaa akaja shangazi, dada yake Baba, kutoka Makunduchi, na pweza wakavu tele ndani ya pakacha. Nyumba nzima ikanuka. Tulipokwisha kula, Baba, kwa kutaka kumkirimu dada yake, akatuuliza mbele yake: "Haya, semeni wenyewe. Likizo tukakae Bububu au Makunduchi?"

Jamani, swali gani hilo la kuuliza mbele ya mgeni! Kwetu mtoto aliyefunzwa adabu haonyeshi tamaa yake mbele za watu, sembuse kuikataa nyumba ya mgeni mwenyewe, na pweza wake bado yumo tumboni. Mama alinikata jicho moja tu.

"Popote, Baba," nikasema. Baba akamgeukia Mama.

"Popote, bwana," naye akajibu, akaendelea kukusanya sahani.

"Bububu ni hapo, pua na mdomo," akasema shangazi, uso umemnawiri. "Makunduchi ndiyo safari!"

Ikawa Makunduchi. Asubuhi ya kuondoka nilimwona Mama akitoa kapuni doti mpya ya kanga, akaipangusa kwa kiganja, akairudisha kabatini. Nikamuuliza ya nani. Akaniambia hainihusu.

Shangazi, Mungu amrehemu, alitupa kitanda chake akalala chini mwenyewe. Mie nilinuna tu. Mchanga ulinichoma nyayo, na watoto wa pale wakisema Kimakunduchi chao nilidhani wananisengenya. Pweza asubuhi, pweza jioni! Alikuwa wa nazi, mtamu, na utamu wenyewe ulizidi kuniudhi. Nilihesabu siku nikifikiria shokishoki zinazodondoka bila mimi.

Siku ya sita shangazi akaniuliza, "Umepapenda kwetu, mwanangu?"

Nikapasuka. "Mie nilitaka Bububu!"

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Ala! Si ungesema? Ningekupelekeni mwenyewe!"

Baba akamtazama Mama. "Kumbe na wewe ulitaka Bububu?"

Nilimkodolea Mama macho aniokoe. Neno moja tu lingetosha.

"Mie popote," akasema, na chini ya kanga akanifinya paja. Tulikaa hadi siku ya mwisho. Nilimwona Mama msaliti, na nilimkasirikia kuliko pweza wote wa Makunduchi.

Bibi alifariki kabla skuli hazijafungwa tena. Mama alikwenda Bububu msibani na ile doti kwapani, bado haijakatwa. Hapo nikajua ilikuwa ya nani. Lakini vipi mtu mzima anayetaka kitu namna hiyo akasema "popote", hilo sikulielewa mpaka nilipoolewa, nikajisikia nalisema mwenyewe, sahani mkononi.

Mama alipozeeka, na nyumba ya Bububu tumeshaiuza zamani, nilimuuliza anataka akapumzike wapi: kwangu Kiembe Samaki, au kwa mdogo wangu Mtoni.

"Popote, mwanangu."

Hasira zikanipanda zile zile za utoto. "Mama, nshachoka na popote! Hapa hakuna mgeni. Sema!"

Akageuka kwanza akatazama mlangoni, kuhakikisha.

"Bububu," akasema.