Nilivyomsingizia Ta Felician Taka za Chemchemi

Jambo hili sijawahi kuwasimulia hata wanangu, na ninapolitamka sasa bado masikio yanapata moto, maana siku ile niliaibika mbele ya mtaa mzima, mimi Mwalimu Leokadia, niliyekuwa nakagua kucha za watoto wa darasa la tatu kila Jumatatu asubuhi.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, kila mtu ndugu, kila nyumba kumi na balozi wao. Nilikuwa nimehamishiwa Bukoba kutoka kwetu Kamachumu, nikapanga nyumba Kibeta, na nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo la taka lililokwisha kujaa. Kuchimba jingine niliona uvivu (niseme ukweli wote, niliona pia kwamba jembe halimfai mwalimu, na hapohapo darasani nafundisha kujitegemea). Basi shule ilipokaribia kufungwa nikasafisha nyumba, nikajaza magunia matatu, na akapita mtu wa toroli aliyekuwa akizoa taka za nyumba mbalimbali, nikamwomba anichukulie na zangu. Nikampa mkungu wa ndizi. Wapi anakwenda kuzimwaga sikumuuliza, naye hakusema, akaondoka nami nikasahau.

Siku nne baadaye, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo, nikashuka bondeni kuchota maji, nikawakuta wanawake wamesimama na ndoo tupu. Juu kidogo ya chemchemi yetu kulikuwa na lundo la taka, maganda, vyungu vilivyovunjika, na juu kabisa nyasi zilizotumika kukamulia ndizi za pombe, na maji meusi yanatiririka kutoka kwenye lundo yanaingia moja kwa moja tunapochota. Ma Justa, jirani yangu, alikuwa amekaa chini. Mwanawe mdogo alikuwa anaharisha tangu juzi.

"Ni nani huyu anayetaka kutuua, waitu, ndugu zangu?" alisema.

Mimi nikatazama zile nyasi. Upande ule aliyekuwa anapika rubisi ni mmoja tu, Ta Felician (Ta ni neno letu la Kihaya la kumheshimu mwanamume, kama Ma kwa mwanamke), mzee mjane aliyekuwa akilea wajukuu watatu kwa pombe hiyo, na mimi na yeye hatukuwa tunaelewana kwa sababu walevi wake walikuwa wanapita wakiimba chini ya dirisha langu. Nikapanda kilima kwa hasira mpaka kwa balozi, Ta Elikana, mtu mpole wa Kilutheri, akatoa daftari lake.

"Sema, Mwalimu. Wapi, na lini?"

Nikasema wapi, nikasema lini.

"Na aliyetupa?"

"Ta Felician."

Akainua kalamu. "Umemwona kwa macho yako, au unadhani? Hili daftari linakwenda kwa katibu kata, na kutoka hapo kwa bwana afya mjini. Ukisema umemwona, naandika umemwona."

Hapo ndipo nilipojiharibia, kwa neno moja tu, maana ningesema nadhani, na mambo yangeishia hapo. Lakini nilishapandisha sauti, mkewe anasikiliza mlangoni, na mwalimu ataonekanaje akianza kurudi nyuma?

"Nimemwona," nikasema.

Jumamosi bwana afya alikuja na gari la mji, kaptula ya kaki, fimbo mkononi, na watu wote wa nyumba kumi wakaitwa palepale chemchemi. Akatangaza kwamba aliyetupa taka kwenye maji atapelekwa mahakamani, na kama anapika pombe, kibali chake kitafutwa. Ta Felician alikuwa amesimama mbele, kofia ameishika kwa mikono miwili, wajukuu nyuma yake. Alinitazama usoni. Mimi ndiye niliyetazama chini.

"Mwalimu, rudia uliyomwambia balozi," bwana afya akasema.

Nikarudia. Jamani, nilirudia! Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto, lakini nilirudia.

Bwana afya alianza kufukua lundo kwa fimbo, polepole, tabaka kwa tabaka, na chini ya zile nyasi yakatokea makaratasi. Niliona wino mwekundu kabla ya mtu mwingine yeyote kuuona. Yalikuwa mazoezi ya hesabu ya darasa la tatu, yamesahihishwa, na chini ya kila moja sahihi yangu yenye mkia mrefu.

Ningeomba msamaha pale ningeokoka nusu. Sikuomba, nikitumaini (sijui nilitumaini nini, labda wino utafutika). Balozi akaokota karatasi nyingine, barua niliyoianza na kuikunja, ya kumwomba afisa elimu uhamisho, na kwa kuwa alitaka kujua ni ya nani, akaisoma kwa sauti:

"Naomba kurudi Kamachumu kwa kuwa majirani wa mtaa huu ni wachafu na hawajastaarabika..."

Akaacha katikati. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Ma Justa alinitazama, mtoto yuko mgongoni, kisha akatazama pembeni.

Ta Felician ndiye aliyesema, taratibu kabisa: "Mwalimu, uliniona saa ngapi?"

"Sikukuona," nikasema. "Sikumwona mtu."

Nikaeleza habari ya toroli, huku nalia. Mtu yule alipatikana kesho yake huko Nyanga, akakiri kwamba alizoa nyumba sita, ya Ta Felician ikiwemo, akamwaga zote alipochoka kusukuma. Lakini siku ile bwana afya aliniamuru mimi nianze kuhamisha lundo, halafu nichimbe shimo jipya kwangu, naye atarudi kulikagua.

Nilikuwa nimezoa makarai manne hivi Ta Felician aliposhuka na jembe lake. Nikasema, "Asante, Ta, Mungu akubariki."

"Sikuja kwa ajili yako," akajibu. "Na mimi nakunywa maji haya."

Tulifanya kazi mpaka jioni, yeye akichimba, mimi nikibeba. Mtoto wa Ma Justa alipona baada ya kupelekwa hospitali, namshukuru Mungu, lakini mamaye alichukua mwaka mzima kunisalimia.

Uhamisho sikuuomba tena, ningekwenda Kamachumu nikawaambie nini? Tangu hapo nimeripoti taka mara nyingi, nasema mahali, nasema siku, nasema nilichokiona, na nikiulizwa ni nani aliyetupa, kama sikumwona, natamka "sijui" kwa sauti kubwa, hata kama moyoni nina jina tayari.