Matobolwa Yasiyo na Kalori

Serafina, ambaye mtaa mzima wa Nyahanga unamwita Mama Wema, alikuwa na miaka sitini na miwili na kilo tisini na moja, na kati ya hivyo viwili alichokubali kukitaja mbele za watu ni miaka. Kilo alitajiwa na nesi wa zahanati, binti mwembamba aitwaye Paskazia, aliyemwambia bila haya kwamba sukari yake imeanza kupanda. Akampa wiki sita. Akishuka mpaka themanini na nane, aendelee na maisha yake. Asiposhuka, ataanza vidonge, na kila Jumatano atakuja kukaa benchi na wenzake.

Vidonge havikumtisha. Lililomnyima raha ni benchi. Liko barazani, linaonekana mpaka barabarani, na hakuna aendaye sokoni Nyasubi asiyelipita. Kwa miaka mingi Mama Wema mwenyewe alilipita kila Jumatano, mwendo wa pole, akiwapa pole waliokaa pale, mmoja mmoja kwa jina, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. Huo ndio ulikuwa ukarimu wake. Sasa mtu mkarimu kiasi hicho angekaaje yeye, apewe pole na wapita njia?

Basi akaamua kupungua. Mwanawe Wema, mwenye saluni, akamwekea kwenye simu kitu cha kuhesabu kalori. Unaandika ulichokula, simu inakutajia dhambi yako. Mama Wema aliyapokea mahesabu hayo kwa heshima zote, kama mtu aliyemaliza darasa la saba enzi ambazo darasa la saba lilikuwa darasa la saba. Andazi: simu ikamkaripia. Soda: ikamkaripia zaidi. Wali alipoutaja, alitamani kuizima.

Siku moja akamwambia Wema aandike matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu vya kutafuna. Simu ikatafuta weee, ikajibu kwamba chakula hicho haikijui. Wema akasema labda waandike viazi tu. Mama yake akamkataza. Kitu kinachojua mpaka jibini za watu wa ng'ambo hakiwezi kushindwa kuziona kalori zilipo. Kama hakijaziona kwenye matobolwa, hazimo. Wema alikuwa na mteja mwenye dawa kichwani, akaondoka bila kubishana.

Mtihani wenyewe ulikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi mchana Mama Wema alikwenda kwenye ukumbi wa video wa Bujiku, pale Nyasubi, kutazama sinema za mapanga zilizotiwa Kiswahili na mtu anayepiga kelele kuliko wanaopigana. Alikuwa na kiti chake cha plastiki mstari wa mbele, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Na sinema bila kutafuna, kwake, ni kama msiba bila chai. Alizoea hivyo tangu utoto Kishapu, msimu wa pamba, gari la sinema lilipokuja na kutandaza shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala. Mama yake alifunga matobolwa kwenye pindo la khanga, wakatafuna mpaka picha iishe. Siku hizo kitu cha kuhesabu kilikuwa ng'ombe.

Bujiku alipomletea bisi kama kawaida, Mama Wema alizisukuma kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa mjusi aliyekufa mezani, akawatangazia walio karibu kwamba yeye siku hizi anakula kwa hesabu. Soda nayo akaikataa. Jirani yake wa kiti, Ritha, mama yake Wiliam, akazipokea zile bisi ili kumpunguzia mwenzake majaribu. Ndipo Mama Wema akahesabu karanga kumi, akaziandika kwenye simu kwa uaminifu wa kanisani, akafungua mfuko wa matobolwa.

Mwanzoni alichukua kipande kimoja kimoja. Bwana wa panga alipozingirwa, mkono ukaongeza mwendo. Alipotupwa shimoni, taya zilisikika mpaka mlangoni. Bujiku akaongeza sauti.

“Mama Wema,” Ritha akamnong'oneza, “hapo hutazami tena sinema. Hapo unavuna.”

“Simu imesema nimekula karanga kumi. Wewe bisi zako umeziandika wapi?”

“Sijaziandika popote.”

“Ndiyo maana unanenepa, Mama Wiliam.”

Ritha, ambaye upepo wa kiangazi ungeweza kumbeba na kikapu chake, akajitazama, akarudi kwenye bisi zake.

Zikaenda hivyo Jumamosi sita, mfuko mmoja kila Jumamosi.

Siku ya ahadi, Jumatano, akaenda zahanati asubuhi. Akavua ndala, kilemba, hereni na saa, akapanda mzani akiwa amebana pumzi. Paskazia akatazama, akamwomba ashuke apande tena. Tisini na tatu. Mama Wema akashauri uletwe mzani mzima. Nesi akapanda mwenyewe, mzani ukasema hamsini na mbili bila kusita.

Alipoulizwa anakula nini, alitoa simu kwa fahari. Paskazia akaisoma, akasema kwa chakula hicho kidogo mtu angekuwa ameshazikwa.

“Na ambacho hakimo humu, mama?”

“Matobolwa tu. Hayo simu haiyatambui.”

Paskazia, mzaliwa wa Mhunze aliyekuzwa kwa matobolwa hayo hayo, aliinamia daftari kitambo, mabega yakimtikisika. Kisha akaeleza: jua linaondoa maji ya kiazi, sukari linaiacha pale pale, imebanana. Damu ikapimwa. Vidonge vikaandikwa.

Mama Wema akafunga kilemba upya, akatoka barazani. Akakaa mwisho wa benchi, upande wa barabara, mgongo umenyooka, akawaeleza waliokaa pale kabla hajaulizwa kwamba tatizo ni simu. Hakuna aliyempa pole. Mzee Donatus, aliyepewa pole na yeye Jumatano zisizo na idadi, akasogea kidogo.

“Mwangaluka, mayu,” akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma. “Njoo huku ndani, hapo utaonekana.”

Barabarani Ritha alikuwa anakuja na kikapu, ameshaanza kupunguza mwendo. Mama Wema akasogea ndani.