Kiwanja Kinachotazama Ghuba

Harufu ya dagaa walionyeshewa kabla hawajakauka si ya mtu kuitamani. Mwezi uliopita, sokoni Kagongwa, mama mmoja alitua gunia lake karibu na miguu yangu, harufu hiyo ikapanda, nikalazimika kutafuta pa kukaa. Akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka marehemu baba yangu. Alinitazama kidogo, kisha akalivuta gunia lake upande wa pili.

Nilikuwa na miaka tisa Baba aliponichukua kutoka Nyahanga, pale Kahama tulikoishi, kwenda kwao ziwani, upande wa Geita. Mama alibaki na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Niliambiwa Baba anahitaji hewa nzuri. Alikuwa amechimba dhahabu tangu kabla sijazaliwa, akipasua mwamba kwa tindo na nyundo ndani ya maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji wadogo, na vumbi la mawe lilikuwa limemjaa kifuani. Kikohozi chake nilikuwa nimekizoea. Nikitoka shule nilijua yuko nyumbani kabla sijafika mlangoni, na nilikuwa nafurahi kukisikia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Kwao palikuwa kwenye ghuba. Maji ya ziwa yaliingia ndani ya nchi kavu na kutulia katikati ya vilima viwili, na pande zote kulikuwa na majabali ya kijivu yaliyopandana, mengine makubwa kuliko nyumba yetu. Juu ya majabali watu walianika mihogo ya makopa, ikawa kwa mbali utadhani mawe yamepakwa chokaa. Nyuma yake kulikuwa na mashamba ya mananasi, yakipanda taratibu hadi mahali ambapo mawe yalikataa jembe. Siku hizi wageni hufika pale kupiga picha. Sisi tulifika wakati wa mvua za vuli. Maji yalikuwa na rangi ya sufuria kuukuu, dagaa walioanikwa walinyeshewa na kunuka hadi chumbani mwetu, makopa yalikuwa yanaota ukungu, na asubuhi nyingi wadudu wadogo wa ziwani waliinuka kutoka majini kama moshi, wakaja kutuingia machoni na kwenye uji.

Tulipokelewa na kaka yake Baba, Baba mkubwa Lazaro. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyokakamaa kwa kamba za nyavu.

"Shikamoo, kaka," alisema Baba.

"Marahaba."

Basi. Hakuuliza habari za safari wala za Mama. Mkewe, Mama mkubwa, ndiye aliyetupokea mizigo na kutuonyesha chumba. Tangu siku hiyo ndugu wale wawili walikaa boma moja kama wapangaji. Baba mkubwa alikula uani, Baba akala kwenye kizingiti cha chumba chetu, na mimi nikabeba maji ya kunawa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Mama mkubwa alinieleza sababu siku moja tukimenya mihogo. Mwaka niliozaliwa mimi, Bibi, mama yao, alifariki. Baba alipelekewa habari machimboni, lakini wenzake walikuwa wamekaribia mwamba wenye dhahabu, akaogopa kwamba akiondoka watamtoa kwenye duara. Nyumbani walimngoja siku mbili, macho yakiwa barabarani, mwishowe wakazika bila yeye.

"Na dhahabu waliipata?" niliuliza.

"Duara lilijaa maji," alisema, akatupa muhogo kwenye beseni.

Kila alasiri, mvua ikikatika, Baba aliniita tutembee. Alikuwa na fimbo, na kila baada ya hatua chache alisimama akijifanya anatazama ndege. Tulipita pembeni mwa mashamba, kwenye mawe ambako hakuna aliyelima, na kila mahali palipokuwa na nafasi kidogo aliketi chini na kuniuliza.

"Kabula, hapa mtu akikaa, anaona maji?"

"Anaona, ila lile jabali linaziba mitumbwi."

"Basi twende mbele."

Siku ya tatu au ya nne nilimuuliza kama tunatafuta kiwanja. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshikia fimbo hadi kilipomwachia.

"Ndiyo, ng'wanone," alisema. "Mwanangu ana akili. Kiwanja."

Mnajua mtoto wa nyumba ya kupanga anavyolisikia neno hilo. Nilianza kujenga hapo hapo. Nilichora vyumba kwa kijiti kwenye udongo uliolowa, nikaweka jiko upande upepo unakokwenda ili moshi usitusumbue, nikampa Mama dirisha la ziwani. Baba alinisikiliza kwa makini, akiniuliza mlango utatazama wapi. Lakini kila kiwanja kilikuwa na kasoro, na mimi nilikuwa tayari nimeona mahali pazuri kuliko pote: kilima kidogo nyuma ya boma, penye kaburi la Bibi. Pale ghuba yote inaonekana, kutoka kilima hadi kilima. Nikamwambia.

Aligeuka akakitazama kile kilima. "Pale ni pazuri," alisema. "Lakini pale sina ruhusa."

"Nani kakukataza?"

"Hajanikataza mtu. Sijaomba."

Nililala na jambo hilo kifuani. Asubuhi nilimfuata Baba mkubwa kwenye jabali alikokuwa akigeuza makopa, nikamwamkia, nikapiga goti kama nilivyofundishwa.

"Baba mkubwa, naomba utupe kiwanja."

"Kiwanja gani?"

"Cha Baba. Tumezunguka kote, hatujapata. Anataka pa kukaa aone maji. Pale karibu na Bibi panafaa, lakini anasema hana ruhusa. Mimi nimekuja kuomba."

Muhogo ulimponyoka mkononi, ukavingirika hadi majini. Hakuufuata. Alikaa juu ya lile jabali lililolowa, mzee mzima, akafunika uso kwa kofia yake ya majani. Niliogopa. Nilidhani nimevunja mwiko. Nikaanza kumwambia kwamba hata kama si karibu sana, hata pembeni, sisi hatuna makuu.

Aliinuka, akapanda kwenda bomani, mimi nyuma yake nikikimbia. Baba alikuwa kwenye kizingiti, amejifunika shuka. Baba mkubwa aliketi chini, kwenye matope, magoti yao yakagusana.

"Mathias. Mtoto ananiambia unatafuta kiwanja."

Baba alinitazama, kisha akainamisha kichwa. "Kidogo tu, kaka."

"Mbona unazunguka kwenye mawe kama mgeni? Kwa mama kuna nafasi."

Niliingilia mimi, kwa sababu nilitaka kila kitu kieleweke mapema. "Na ataona ziwa?" niliuliza.

"Ataona," alisema Baba mkubwa.

Jioni ile walikula sahani moja.

Baba alifariki mchana mmoja wa mvua. Watu wazima walikuwa na shughuli zao, hakuna aliyenikalisha chini kuniambia. Niliona wanaume na majembe wakichimba kule kilimani, nikakimbia kwenda kuwaambia wanakosea, jiko liwe upande wa pili. Mama mkubwa alinidaka njiani, akanikumbatia kwa nguvu hadi Mama alipofika kutoka Kahama.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia Baba. Nilisema alinidanganya. Nilikuwa mtu mzima nilipoyarudia maneno yake moja moja na kugundua kwamba yeye hakutamka nyumba hata mara moja. Vyumba, jiko, dirisha, vyote vilikuwa vyangu. Yeye aliuliza tu kama mtu akikaa pale anaona maji.

Nilidhani hapo ndipo hadithi inapoishia. Kisha, mwaka juzi, nilikwenda kumjulia hali Baba mkubwa, ambaye sasa haoni vizuri. Tulikuwa tumekaa uani tukinywa chai, akaanza mwenyewe, bila mimi kumuuliza.

"Nilikuwa nawaona," alisema. "Kila alasiri, mkipanda na kushuka. Nilijua anatafuta nini tangu siku ya kwanza. Kila siku nilisema, leo nitamwita. Akipita nashika wavu wangu."

"Kwa nini?"

"Nilitaka aanze yeye." Alipapasa kikombe chake chini, akakikosa, nikamwekea mkononi. "Tulikaa hivyo siku kumi na tisa, Kabula. Nilizihesabu baadaye. Ukaja wewe pale kwenye jabali. Baada ya hapo tulipata siku sita."

Akanywa chai yake, ikiwa imeshapoa.

"Siku sita," alisema. "Na yeye alikuwa hawezi tena kuongea sana."